"Mujomba, ile mashini itaweza?" Kabla ya kununua karti ya mchezo, fungua kompyuta kwanza

  Wiki hii sileti habari ya mkutano wala ya barabara. Naleta habari ya nyumbani kwangu, hapa mtaa wa Manika, kwa sababu jambo lililotupata nimelikuta pia kwa majirani wawili, na kwetu lilibaki kidogo tu litupotezee pesa ya minervali ya watoto.

Lilianza kwenye simu. Katikati ya mwezi wa pili mwaka 2025, M23 ilipoingia Bukavu, mdogo wangu wa kike alifunga mizigo akatoka Kadutu na watoto wake watatu. Walishuka bonde la Ruzizi mpaka Uvira, wakapanda mashua mpaka Kalemie, na hapo wakakwama wiki nyingi wakitafuta namna ya kuendelea. Kila jioni nilipiga simu. Mdogo wangu alikuwa anazungumza. Wale wadogo wawili walikuwa wanazungumza. Mkubwa, kijana wa miaka 16, alikuwa anapokea simu, anasema "njo, mujomba", kisha ananyamaza.

Siku moja, ili nimpatie neno la kushika, nilimwambia: "Njooni tu. Huku kwangu kuna kompyuta. Utacheza mchezo wako wa mpira."

Ndugu zangu, niliyasema hayo bila kujua. Kompyuta yangu niliinunua ya mkono wa pili kule Lubumbashi ili niandikie habari hizi. Sikuwahi kucheza kitu chochote juu yake. Lakini mtoto aliye safarini hasahau ahadi. Walipofika Kolwezi mwezi wa nne, jioni ya kwanza kabisa, bukari ikiwa bado mezani, aliniuliza: "Mujomba, ile mashini ulisemaka, itaweza FC 25?"

Nilimjibu kwamba tutaangalia. Na kwa miezi mitatu sikuangalia.

FC 25 ni ule mchezo wa mpira wa kampuni ya EA, uliotoka mwezi wa tisa mwaka 2024. Wengi bado wanauita FIFA, jina lake la zamani, lakini FIFA 23 ndiyo ilikuwa ya mwisho kubeba jina hilo. Kule Kadutu mpwa wangu na wenzake wanne walikuwa na timu yao. Walikuwa wanalipa kila mechi kwenye nyumba ya michezo, mmoja anacheza na wanne wanapiga kelele. Vita ilipokuja, mmoja alivuka kwenda Bujumbura, mmoja akafika Kampala, mmoja yuko Kisangani kwa baba yake mkubwa, na mmoja alibaki Bukavu. Yule wa Kampala alimpata binamu mwenye PlayStation 5. Na mchezo huu unaruhusu mtu wa kompyuta kukutana uwanjani na mtu wa PlayStation 5, kila mmoja akiwa kwake. Basi wakapatana kwa WhatsApp: mwenye kupata mashine aingie, tukutane kila Jumamosi.

Kwa hiyo mtoto aliponiuliza kama mashine itaweza, hakuwa ananiuliza habari ya mchezo peke yake. Hilo nilichelewa kulielewa.

Likizo kubwa ilipofika, alienda mwenyewe kutafuta jibu. Mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya kompyuta, ambaye jina lake sitalitaja, alimwambia: "Mashine yako ni i5? Basi inaweza. Inakosa karti grafiki tu. Hii hapa, dola 120." Mtoto akarudi anakimbia, akamwambia mama yake.

Mdogo wangu alikuwa na dola 180. Ndiyo mali yote iliyobaki baada ya kuuza cherehani yake na vyombo vya nyumba. Amezifunga ndani ya kitambaa, na kila dola ina kazi yake: minervali ya mwezi wa tisa, na mwanzo wa garanti ya nyumba, maana hataki kukaa kwangu siku zote. Mimi pia sikuwa na kitu cha kuongeza. Mnajua wenyewe, tangu serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje ya inchi tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 2025, kwanza kwa miezi 4, kisha mwezi wa sita ikaongeza mingine 3, pesa ilikuwa ngumu hapa Kolwezi hata kwa sisi tusioshika jembe la mgodi. Mwenye kuuza samaki alikuwa analia, mwenye pikipiki alikuwa analia.

Usiku ule mdogo wangu alikuja na kitambaa mkononi. "Yaya, wewe unajua mambo ya kompyuta. Nikitoa hii dola 120, mtoto atacheza? Tangu tutoke Bukavu hajaniomba kitu. Ni hiki tu."

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mtu anayeandika juu ya kompyuta hajui kompyuta, kama vile abiria wa pikipiki asivyojua injini. Nikamwambia: "Nipe mpaka Jumapili."

Jumapili baada ya ibada tulikaa mezani wote watatu, na karatasi moja. Nilichora mstari katikati. Upande wa kushoto tuliandika kile mchezo unachotaka, kama kampuni yenyewe ilivyokitangaza. Upande wa kulia, kile mashine yetu iliyo nacho. Nawaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kufanya hivyo bila kumlipa mtu.

Kujua mashine yako ina nini si kazi ngumu. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kinafunguka kidirisha kidogo. Andika dxdiag, bonyeza Enter. Kompyuta itajieleza yenyewe: aina ya Windows, jina la prosesa, RAM ni ngapi, na ukifungua ukurasa wa pili, karti ya picha ni ipi. Nakili yote kwenye karatasi. Usitegemee kibandiko kilicho mbele ya mashine. Kibandiko kinaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Tukaanza na prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha mashine. Mchezo unataka angalau Core i5-6600K, au Ryzen 5 1600 kwa wale wenye mashine za AMD. Yetu ni Core i5-3470. Mpwa wangu akaruka: "Yote ni i5!" Na hapo ndipo watu wengi wanaliwa. Neno i5 ni kama kusema "Toyota". Halikuambii gari ni la mwaka gani. Angalia tarakimu inayofuata: yetu inaanza na 3, maana yake kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. Ile wanayoitaka inaanza na 6, kizazi cha sita, cha mwaka 2015. Na usifikiri utanunua kichwa cha kizazi cha sita ukiingize ndani ya mashine ya kizazi cha tatu. Mahali pa kukalia hapafanani, hakiingii.

Cha pili, RAM. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi, wakati diski ni depo ya kuwekea mizigo. Ukiwa na depo kubwa na meza ndogo, kila mara unasimama kwenda depo kutafuta. Mchezo unataka GB 8 angalau, na kampuni inashauri 12. Yetu ina 4. Hili ni jambo dogo, kwa sababu bareti za RAM za mashine hizi za zamani zinapatikana kwa bei nafuu. Tukaweka alama ya "inaweza kurekebishwa".

Cha tatu ni ile karti grafiki iliyotuleta mezani. Kazi yake ni kuchora picha: nyasi, jasho, watu wa uwanjani, mara kadhaa kwa kila sekunde. Mashine za ofisi kama yetu hazina karti ya pekee. Zina uwezo mdogo wa kuchora uliofichwa ndani ya prosesa, unaotosha kwa barua na filamu. Mchezo unataka karti ya nguvu ya GTX 1050 Ti yenye GB 4 zake mwenyewe, au RX 570. Na hapa lazima niwe mkweli: ile karti ya dola 120 ilikuwa GTX 1050 Ti kweli. Mfanyabiashara hakudanganya juu ya karti. Alinyamaza tu juu ya mengine yote.

Basi tukachomoa waya, tukafungua sanduku. Mashine yetu ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba inayolazwa chini ya ekra. Nilimpa kijana rula. Akapima nafasi ya karti, kisha akaangalia vipimo alivyoviandika dukani. Karti ilikuwa kubwa kuliko nafasi yenyewe. Zipo karti fupi zilizotengenezwa kwa masanduku membamba, lakini ile haikuwa mojawapo. Hata mama yake, asiyejua jina la kitu chochote mle ndani, aliona. "Hii ni kama kuingiza kitanda cha watu wawili kwenye chumba cha kuku," alisema. Tulicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tukasoma pia kibandiko cha sanduku la umeme la ndani, lile linalogawia mashine nguvu: wati 240 kwa jumla. Karti za wastani kama ile zinakula hadi wati 75 peke yake. Ingewezekana kwa kubana, lakini kwa sanduku la umeme lenye umri wa miaka zaidi ya 10, ni kama kumbebesha mzee gunia.

Wakati sanduku liko wazi, mtoto alinyosha kidole kwenye koili zenye rangi nyekundu. "Hii ni shaba?" Ndiyo, ni shaba. Haina chapa, siwezi kuapa imetoka Kolwezi au Chile. Lakini mtu aliyezaliwa hapa akiona shaba huwa anafikiri ya nyumbani. Nikamwambia kwamba kobalti yetu yeye haitaona hapa, iko zaidi kwenye betri ya simu aliyoishika. Na kwamba vyombo vya namna hii hutumia pia tantali inayotoka kwenye koltani, kama ile ya Rubaya kule Masisi, mgodi ulioshikwa na M23 tangu mwaka 2024. Alikaa kimya kidogo. Akasema: "Kwa hiyo vya kwenu na vya kwetu, vyote vinaingia mule ndani. Na bado mashini ya kucheza hatuna." Sikuwa na jibu, nikamwomba anishikie bisibisi.

Cha nne, nafasi kwenye diski. FC 25 inataka GB 100. Diski yetu ni ya GB 500, ukifuta filamu za majirani nafasi inapatikana. Cha tano, Windows 10 ya biti 64. Hiyo tunayo.

Tukahesabu. Vitu vitano: viwili viko sawa au karibu sawa, kimoja kinarekebishika, viwili vimekataa. Na katika viwili hivyo, kimoja ni prosesa, ambacho hakirekebishiki bila kununua mashine nyingine.

Nawaambia pia kile ambacho watu husema barabarani: "Jaribu tu, inaweza kuwaka." Ni kweli, wakati mwingine mchezo unawaka kwenye mashine iliyo chini ya kipimo. Unawaka kama gari lenye silinda moja iliyokufa. Mchezaji anapiga mpira, picha inasimama, ikirudi umeshafungwa bao. Kwa kucheza na mtu wa mbali haifai kabisa. Na wenye kompyuta za kubeba, sikieni vizuri: kwa nyingi kati ya hizo, karti ya picha imeunganishwa kabisa na bodi. Huwezi kuchomoa wala kuongeza. Ukiinunua bila karti, itakufa bila karti.

Lakini hata kama mashine ingekuwa mpya, sisi wa Kolwezi tuna maswali mawili ambayo kampuni haiandiki kwenye orodha yake.

La kwanza ni umeme. Laini kubwa ya Inga, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,700, iliyomalizika mwaka 1982, mwisho wake ni hapa kwetu Kolwezi. Bwawa la Nzilo liko jirani, la Nseke liko kwenye mto uleule wa Lualaba. Tunaishi katikati ya umeme, na usiku tunawasha mshumaa, kwa sababu umeme ule ulijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba na bado viwanda ndivyo vinatangulia. Kompyuta ya mezani haina betri. SNEL ikikata, mashine inakufa papo hapo, na diski inayokatwa katikati ya kazi inaweza kuharibika. Mwenye sola naye apige hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200 kwenye karatasi, na kama ni ya risasi, ile ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu. Nusu ni Wh 600. Mashine yenye karti pamoja na ekra inaweza kula wati 200 ikiwa inacheza. Ni saa 3, na baada ya hapo nyumba nzima iko gizani, hata taa ya mtoto anayesoma.

La pili ni mega. GB 100 zitatoka wapi? Nyumbani kwangu tunanunua GB 10 kwa mwezi, kwa kubana. Kuushusha mchezo huu kungekula mega zetu za miezi 10. Na kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni zaidi ya saa 44. Nani kati yetu amepata saa 44 za mfululizo za umeme na mtandao? Kisha mwezi wa tisa mwaka 2025 ilitoka FC 26, na watoto husema ile ya 25 imezeeka.

Karatasi ilikuwa imejaa. Hapo mdogo wangu akachukua kalamu, akachora mstari mwingine, akaongeza upande wa tatu. Juu yake aliandika: "Pesa hii ingefanya nini?" Chini yake akaandika minervali ya mtoto wa kwanza, ya pili, ya tatu. Akamsogezea mwanawe karatasi bila kusema neno.

Mtoto alisoma. Mimi nilitegemea atakasirika juu ya mama. Aligeuka kwangu. "Mujomba, basi kule Kalemie ulinidanganya?"

Kwetu si kawaida mtu mzima kumwomba mtoto radhi. Tunazungukazunguka, tunampa pesa ya maandazi, tunasema "mambo ya wakubwa". Lakini karatasi ilikuwa mezani, na kila namba iliyo pale ilikuwa ya kweli. Ningesema uongo mmoja tu, ningeiharibu yote. Nikamwambia: "Nilisema kitu ambacho sikukijua. Nilitaka ufike. Unisamehe." Akaitika kwa kichwa. Kisha akasema kitu kilichonionyesha kwamba alikuwa ameanza kuhesabu kabla yetu: "Ile ya prosesa nilishaiona siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja tu useme."

Kwa hiyo hatukununua karti. Dola 180 zilirudi kwenye kitambaa.

Lakini habari haikuishia kwenye kukataa, na hapa nawaomba wazazi msikilize. Ukimwambia mtoto "haiwezekani" ukaenda zako, umempa nusu ya jibu. Tulirudi kwenye karatasi tukauliza swali kwa kuligeuza: mashine hii, jinsi ilivyo, inaweza mchezo gani? Mashine ni ya mwaka 2012. Jirani mmoja alikuwa na diski halali ya PES 2013, mchezo wa mpira wa Konami uliotoka mwaka huohuo wa 2012. Unataka RAM ya GB 1 tu na nafasi ya GB 8. Tukauweka, tukashusha kidogo ubora wa picha, ukatembea kama maji. Cristiano Ronaldo bado yuko Real Madrid, Messi bado yuko Barcelona, na watoto wa kiwanja chetu hawajali. Tuliazima maneti mbili. Umeme ukiwepo jioni, sebuleni kwangu kuna watoto tisa, wa Kolwezi na wa Bukavu, wanapiga kelele kwa Kiswahili cha namna mbili. Wale wetu wamejifunza maneno ya Bukavu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Swali la wenzake wanne, PES 2013 haikulijibu. Lilijibiwa na simu. Konami hiyo hiyo ina eFootball, mrithi wa PES, ambao kwenye simu unashushwa bure na unakula GB chache tu, na una njia ya kucheza na rafiki aliye mbali. Picha zake si za PlayStation 5. Simu ya kijana ina ufa kwenye kioo, mchezaji wa kona ya kulia haonekani vizuri. Lakini yule wa Kampala aliacha PlayStation ya binamu, akashusha mchezo wa simu ili wafanane. Wa Bujumbura akaingia. Wa Kisangani akaingia wiki iliyofuata. Wanacheza wawili wawili kwa zamu, wengine wanangoja kwenye WhatsApp na kutukana kwa sauti zilizorekodiwa, kama zamani.

Yule aliyebaki Bukavu hajaingia bado. Ujumbe wake wa mwisho ni wa mwezi wa tano. Kila Jumamosi, wakipanga zamu, jina lake wanaliweka la mwisho kwenye orodha, wanangoja dakika tano, kisha wanaendelea. Sikuwaambia wafanye hivyo. Nilimkuta tu mpwa wangu siku moja ameshika simu, hachezi, anaangalia saa. Nikamuuliza. Akasema: "Ni zamu yake."

Sasa, jamaa zangu, kabla ya kutoa pesa yenu kwa kompyuta au kwa karti ya mchezo, fanyeni haya. Mwambieni mwuzaji awashe mashine mbele yenu na afungue dxdiag. Andikeni jina la prosesa pamoja na tarakimu zake zote, si i5 peke yake. Ulizeni RAM ni ngapi. Ulizeni kama karti ya picha ni ya pekee au ni ile iliyo ndani ya prosesa. Pimeni sanduku kwa rula kabla ya kununua karti. Hesabuni mega na umeme. Mwuzaji akikasirika kwa maswali hayo, mmeshapata jibu. Na yule anayewaambia "inakosa kitu kimoja tu", mwambieni awaandikie hivyo kwenye risiti, pamoja na sahihi yake.

Mkitaka msaada, mpwa wangu ndiye amekuwa fundi wa kartie sasa. Ana daftari, kila ukurasa ameuchora mistari miwili na sehemu tatu: mchezo unataka nini, mashine ina nini, na pesa hii ingefanya nini. Wiki iliyopita alimzuia mzee mmoja aliyekimbia kutoka Goma asitoe dola 200 kwa mashine yenye kibandiko cha i7 na prosesa ya mwaka 2008 ndani yake. Mzee alimpa ndizi. Shule inafunguliwa mwezi wa tisa, na minervali ya watoto wote watatu imeshalipwa. Mwanzo wa garanti bado tunautafuta.

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Kolwezi.